Mume Wangu Yuko Juba

Kila asubuhi, jua linapofika kwenye ngazi za mlango wa bluu, jirani yangu humtoa mumewe nje, humkalisha kwenye kiti cha plastiki, humfunga taulo shingoni na kumnyoa ndevu. Kiharusi kilimlemaza upande mmoja, kwa hiyo lile shavu lisilojiweza hulishika kwa vidole viwili, hulivuta kidogo, kisha hupitisha wembe polepole. Mimi hukaa nyuma ya pazia langu ng'ambo ya ua, kikombe cha chai mkononi, nikiwatazama. Ukinikuta hapo utadhani nawaonea huruma. Si huruma. Ni wivu, ule unaokufanya uchukie hata taulo ya watu.

Wivu huo una chanzo, na chanzo ni mdomo wangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Siku moja aligombana na mtu juu ya mahali pa kuegesha, akamsukuma, yule mtu akaanguka na kugonga kichwa kwenye ukingo wa saruji. Alifariki siku ya tatu. Mahakama ilimpa mume wangu miaka kumi na miwili. Sitamtetea hapa. Marehemu naye aliacha mke, na mke huyo ana dirisha lake mahali fulani.

Alipokamatwa tulikuwa na miezi miwili tu katika ploti hii ya mtaa wa Umoja, milango minane inayotazamana, tangi la maji katikati na kamba za nguo juu ya vichwa vyetu. Majirani walikuwa hawajamzoea mume wangu. Alitoka mapema, akarudi amechoka, akasalimia, akaingia ndani. Alipokosa kuonekana wiki ya pili, mama mmoja aliyekuwa anaanika shuka aliniuliza, "Na mzee amepotelea wapi?" Nikasikia sauti yangu ikijibu, "Alipata kazi Juba. Anaendesha malori huko."

Nilidhani nimemaliza. Lakini uongo ule ulipokelewa kwa heshima ambayo ukweli haungeipata. Mama wa watu aliacha shuka ikidondosha maji mikononi mwake akasema, "Aki wewe una bahati. Huko wanalipwa vizuri." Tangu siku hiyo nikawa mke wa mtu wa Juba. Nilinunua viatu vya mtumba soko la Gikomba, nikavisugua kwa mswaki wa zamani mpaka vikang'aa, nikavivaa kwenda kuchota maji. Walipouliza nikasema vimeletwa na dereva mwenzake. Niliona macho yao yakishuka hadi miguuni mwangu na kubaki huko. Sikuwahi kuonewa wivu maishani, na nasema wazi kwamba nilifurahia.

Kisha wakaanza kuniletea bahasha. "Mpelekee bwana yako, aone kama kuna kazi hata ya kupakia mizigo." Ndani mlikuwa na nakala za vyeti, leseni za udereva, barua za kanisani za kuthibitisha tabia. Nilizipokea zote kwa mikono miwili, bahasha tisa, nikazitia kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. Kila mtu alipouliza, nilimwambia Juba mambo huenda polepole.

Jirani wa mlango wa bluu hakuniletea bahasha. Mumewe alikamatwa mchana kweupe, akiwa na kaptura, kwa kuiba betri za magari, na ploti nzima ilisimama milangoni kutazama. Mwanamke huyu hakujua kuficha. Ukimuuliza mumewe yuko wapi alikujibu, "Yuko ndani. Aliiba." Basi tulimcheka. Tulimcheka kwenye tangi la maji, tulimcheka tukichambua mboga, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mke wa mtu wa Juba.

Jumamosi moja nilikuwa nje ya lango la jela, penye kibanda ambapo wageni huacha simu zao kabla ya kuingia. Nilikuwa nimefunga kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi. Mbele yangu mwanamke alimkabidhi mwenye kibanda simu yake, akageuka, tukagongana uso kwa uso: jirani wa mlango wa bluu. Alinitazama, akatazama kapu langu lenye sabuni na karatasi za choo.

"Kumbe Juba ni hapa," alisema. Hakucheka.

Nilimvuta kando ya ukuta. Nilimwapisha kwa Mungu, kwa watoto wake na kwa kaburi la mama yake. Asimwambie mtu. Mtu yeyote. Hata akiulizwa na nani.

"Usijali, mama," alisema. "Siri yako itakaa kwangu."

Ilikaa miaka minne. Jumamosi zile zile alikwenda yeye, nikaenda mimi, kila mmoja kwa njia yake ili tusionekane pamoja. Nami nilimlipa nini? Niliendelea kumcheka kwenye tangi, maana kama ningeacha ghafla wenzangu wangeshangaa.

Kisha wanaume wetu wakaugua katika mwaka mmoja. Wake alianguka karakana ya jela akiwa ameshika randa, akaamka upande mmoja umekufa na maneno hayatoki. Wangu alianza kuvimba miguu. Nilifikiri ni chakula, kumbe ni figo. Wakawa wanamleta hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kumwona huko, mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na askari ameketi pembeni anasoma habari za mpira. Mume wangu alivuta shuka haraka kufunika pingu. Nikajifanya sijaiona, nikamuuliza kama amekula.

Ni afisa wa ustawi wa pale jela aliyetueleza, mimi na jirani yangu, kwamba mfungwa aliye mgonjwa sana anaweza kuombewa arudishwe nyumbani. Daktari anaandika, mkuu wa jela anaandika, halafu afisa wa probesheni anafika nyumbani. Anaangalia kama kuna mahali pa kulala, kama kuna mtu wa kumhudumia, na kama watu wa pale wanamjua na wako tayari kumpokea. Ripoti hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye kamati inayoamua nani aachiliwe. Mahali nilikuwa napo, na mtu wa kumhudumia ni mimi. La watu wa pale sikulitilia maanani. Chifu nilikuwa nimemweleza ukweli faraghani, ofisini kwake, nikadhani chifu anatosha.

Nilijiandaa kama mtu anayengoja wakwe. Nilitafuta kitanda kifupi ambacho mgonjwa angeweza kushuka bila kushikwa. Nilisogeza cherehani yangu hadi dirishani ili pawe na nafasi ya kiti cha choo. Nilifua mapazia. Afisa alipokuja, kijana mpole mwenye faili chini ya kwapa, alibonyeza godoro kwa kiganja na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nani atakuwa anampeleka hospitali, mama?"

"Mimi."

"Na kazi yako?"

"Kazi ndiyo hii cherehani. Nashona sare za shule. Haiendi mahali."

Alikunywa chai, akaandika ukurasa mzima, akafunga faili na kusema atazunguka kidogo hapo nje. Nilidhani anakwenda kukagua vyoo. Nilifagia mahali alipokuwa amekaa nikiimba wimbo wa kanisani.

Wiki chache baadaye, gari liliingia kwenye lango letu na kumshusha mume wa jirani.

Ploti nzima ilitoka, wale wale waliokuwa wanamcheka mkewe. Wawili walimshika huku na huku, mwingine akakimbilia kiti. Fundi wa viatu anayekaa karibu na lango, ambaye betri ya gari la shemeji yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoibwa, alimpiga begani na kusema, "Karibu nyumbani, mwizi wetu." Watu wakacheka, naye akalia kwa nusu ya uso. Baadaye nilikuja kujua kwamba afisa alipowauliza kumhusu, wote walisema hivyo hivyo: huyo tunamjua, aliiba, mleteni tu.

Nilipika chapati ishirini za kumkaribisha. Kila chapati niliibana kwenye kikaango mpaka ikapata madoa meusi. Nilijiuliza huyu mwanamke ana nini nisichonacho. Nyumba yangu ilikuwa safi kuliko yake. Yeye alimlaza mumewe kwenye godoro la chini, mimi nina kitanda kinachongoja. Na isitoshe wangu hakuchukua betri ya mtu. Ndiyo, nilifika huko: nilikaa jikoni nikiwapima mwizi na mtu aliyeua, nikampa wangu alama za juu.

Nilipoona barua haiji, nilikwenda ofisini kwa yule afisa. Alinigeuzia faili nisome mwenyewe. Iliandikwa kwamba mwombaji ana makao mazuri, lakini majirani hawamfahamu mfungwa. Wanaeleza kwamba mume wa mwombaji yuko nchi jirani na hutuma vitu mara kwa mara. Kuna shaka kama mfungwa ni mume wake. Haipendekezwi.

Afisa aliniuliza kwa upole, "Mama, kwani una mabwana wangapi?"

Nilianza kucheka, kicheko kikageuka kilio palepale kwenye kiti cha wageni. Nilipomaliza nilimweleza. Aliandika tena, lakini akaniambia karatasi zilikwisha kwenda. Ombi lingeanza upya, na kamati itakapokaa tena ndipo lingeangaliwa. Nikauliza itakaa lini. Alisema hiyo hata yeye haambiwi.

Niliporudi nilipitia moja kwa moja mlango wa bluu. Jirani alikuwa amepiga magoti anamvalisha mumewe soksi.

"Ulimwambia nini yule afisa?"

"Aliniuliza kama namjua bwana yako," alisema bila kuinuka. "Nikamwambia ni dereva, yuko Juba."

"Ukijua vizuri yuko wapi!"

"Si uliniapisha? Kwa watoto wangu. Ukasema hata nikiulizwa na nani." Alivuta soksi ikakaa sawa kisigino. "Hata niliongeza ya viatu, ili aamini. Nilikuwa naogopa, nikasema pengine umepanga mambo yako na mimi ndio nitakuharibia. Jumamosi nilipomtembelea huyu nilimwambia nimefanya dhambi."

Mumewe alinitazama kwa jicho lake zima. Nilitaka sana kupata kosa la huyu mwanamke. Ningelipata, ningelala vizuri. Sikulipata, na wivu wangu haukupungua, uliongezeka. Mwanzo nilimwonea wivu kwa sababu ya mume. Sasa nilimwonea wivu kwa sababu aliweza kusema neno moja, "aliiba," akaendelea kuanika nguo zake.

Miezi ikapita. Mume wangu alikuwa anazidi kukauka, isipokuwa miguu. Ndipo tangazo likabandikwa langoni: chifu anawaalika wakaazi kwenye ukumbi wa kijamii kutoa maoni juu ya kanuni mpya zinazopendekezwa, za kuwaachilia wafungwa kwa masharti kabla ya kifungo kuisha, na za kuwaachilia walio wagonjwa. Ploti yetu ilikwenda karibu yote, wengine kwa ajili ya maoni na wengine kwa ajili ya soda.

Mwanamume mmoja aliyepiga shati pasi alisema mfungwa amalize kifungo chake hadi siku ya mwisho, la sivyo korti ni ya nini. Mzee mmoja alisema waliodhulumiwa waulizwe kwanza kabla ya mtu yeyote kutolewa. Hilo liliniuma kwa sababu ni haki. Mwingine akasema wagonjwa wote watolewe, jela si hospitali. Karani alikuwa anaandika. Nikajiona nimesimama.

"Mimi nakaa hapa Umoja, hawa ni majirani zangu," nilisema. "Wanajua bwana yangu yuko Juba. Hayuko Juba. Hajawahi kukanyaga Juba. Yuko jela kwa sababu alimsukuma mtu akafa, na sasa figo zake hazifanyi kazi."

Nyuma yangu mtu alisema "Wueh!" Niliendelea bila kugeuka.

"Maoni yangu ni haya. Daktari akishasema mtu huyu ni wa kufa, mambo ya ugonjwa yaishie kwa daktari. Yasingoje majirani wakumbuke sura. Na afisa akisikia kitu hakiingiani, amuulize mke kabla hajaandika. Anipigie simu tu, aniambie, mama, hapa kuna shida. Mimi nilidanganya, sawa. Lakini mimi nalala kwangu. Anayelala na pingu ni yeye."

Karani aliuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Nilipoketi, jirani wa mlango wa bluu alisogea kwenye benchi, bega lake likagusa langu.

Nilipofika nyumbani nilitoa bahasha tisa kwenye droo, nikazizungusha zote kwa wenyewe, mbili hadi ploti ya pili. Mama mmoja aliipokea yake akafunga mlango. Mwanamume mmoja aliifungua hapo hapo, akaitazama leseni yake iliyokwisha muda, akasema, "Mimi nilikataa kazi ya Thika nikingoja bwana yako anijibu." Yule aliyekuwa wa kwanza kuniuliza, mwenye shuka, alishika kiuno.

"Na vile viatu?"

"Gikomba."

Alicheka mpaka akaketi chini kwenye ngazi, akaniacha nimesimama na bahasha zangu. Wiki hiyo nilichekwa kwenye tangi la maji ipasavyo. Nilisikia, nikachota maji, nikarudi ndani.

Afisa alipokuja mara ya pili, jirani alimpokea langoni na kumpitisha mlango hadi mlango yeye mwenyewe. "Huyu sasa umuulize," nilimsikia akisema. "Na huyu." Wote walisema wanamjua mume wangu. Mmoja alisema alikuwa mtu mzuri sana, akiwasalimia kila asubuhi na kuwauliza hali za watoto. Ukweli ni kwamba walimwona kwa miezi miwili na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia yote, sikutoka kumsahihisha mtu.

Kamati ilikaa. Kutoka ripoti ya kwanza hadi siku gari lilipomleta mume wangu ilikuwa miezi kumi.

Alikaa nami wiki kumi na moja. Alipenda kuketi nje. Tuliweka viti viwili vya plastiki kando kando kwenye ngazi za mlango wa bluu, kwa sababu jua hufika huko kwanza, na wanaume wale wawili wakakaa, mmoja asiyeweza kuzungumza na mwingine asiye na nguvu za kuzungumza, wakielewana vizuri kabisa. Aliniomba muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya nyumbani kwetu Ukambani, nami nikampikia kidogo kinyume na maagizo ya hospitali. Siku ya kwanza kumnyoa nilimkata kidevuni. Sikuwa nimewahi kunyoa mtu. Jirani alikuja, akachukua vidole vyangu viwili akaviweka kwenye shavu la mume wangu. "Vuta hivi," alisema. "Ngozi ikilegea utamchinja." Kufikia wiki ya tano nilikuwa fundi.

Alifariki Jumanne, hospitalini, mashine ikiwa bado inazunguka. Kitu cha kwanza nilichokitazama ni mguu. Haukuwa na pingu.

Zile kanuni mpya sijui zilifikia wapi. Maoni yetu yaliandikwa, soda zikanywewa. Ninachojua ni hesabu yangu mwenyewe: miezi kumi ambayo angekuwa kwenye kile kiti, na sikuinyang'anywa na jela wala kamati peke yao. Mimi pia niliila, kidogo kidogo, kila nilipovaa vile viatu.

Jana jirani alinikuta nimekaa nyuma ya pazia. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango, akanishika mkono, akanivuta hadi ngazi za mlango wa bluu ambapo mumewe alikuwa tayari na taulo shingoni. "Leo nyoa wewe," alisema. "Bega linaniuma." Haliumi bega lolote, nilimwona asubuhi akibeba mtungi. Nilichukua wembe. Nilishika shavu kwa vidole viwili, nikalivuta, nikamnyoa mume wa mwenzangu kuanzia sikio hadi kidevu bila kumkata hata mara moja, wivu ukinichoma vile vile.